Ubavuni pa Haj Thami

Nyundo zilisikika kwanza. Ghita alikuwa hajapinda kona ya uwanja wa wafua shaba wa Fez, tayari meno yanamtetema kwa kishindo. Alipoingia akamwona kijana amesimama katikati ya uchochoro, nywele ndefu zimefunika masikio, shati la bluu limejaa vumbi la shaba. Nyuma yake alikuja nyumbu aliyebebeshwa ngozi mbichi, mwenye nyumbu akipiga kelele, "Balak! Balak! Pisha!"

Kijana hakutikisika. Ghita alimvuta mkono, wote wawili wakabanwa ukutani.

"Umechoka kuishi?" alimfokea.

"Nilikuwa nimechoka," alijibu akimtazama mdomoni. "Sasa hivi nimeghairi."

Jina lake Bushta, mfua shaba tangu utotoni. Wakaanza kukutana kwenye mkahawa wa juu ya paa, na kila mara Bushta alimkalisha mbele yake.

"Si uniache nikae kando yako? Unaniogopa?"

"Kaa hapo hapo, roho yangu. Nisipokuona uso sishibi."

"Muongo! Hata chai hujaigusa."

Ghita alicheka. Aliona hayo ndiyo mapenzi.

Baba yake, Haj Thami, alikuwa ameliwa na ugonjwa wa mapafu hadi sauti ikabaki mnong'ono. Alitaka jambo moja tu kabla ya kufa: kumwona mwanawe wa pekee katika mikono ya kuaminika. Ndugu za Bushta walipokuja kuposa, na sukari yao ya kuposea, sebule ilifurika. Watu walikaa bega kwa bega kwenye magodoro yaliyozunguka kuta, birika zikigongana, vigelegele vikirindima uani. Ghita, ndani ya kaftani ya kijani, ndiye aliyepanga nafasi. Akamweka Bushta ubavuni pa baba, mahali pa heshima kuliko pote.

Kutoka mlangoni aliona yote. Haj Thami alimwinamia kijana, akanong'ona. Bushta alikuwa amemgeukia ami Larbi, ndugu wa mzee, aliyeketi ukuta wa mkabala, wanacheka. Mzee akarudia. Akarudia tena. Bushta akachukua kileja cha lozi, akatafuna.

Mzee alijiinua kwa kushika ukuta, akatoka.

"Warudishieni sukari yao," alimwambia binti yake. "Nimemuuliza kama atakutunza nikifa. Amenipa kisogo."

Asubuhi Ghita alimpigia Bushta simu.

"Baba yangu anakufa, nawe unamdharau!"

"Sikumdharau. Sikumsikia."

"Alikuwa ubavuni kwako!"

"Ndiyo maana. Ghita, nyundo zilinimaliza masikio zamani. Nina vifaa vya kusikia, nimevificha kwa nywele. Penye kelele, maikrofoni zake zinafuata uso wangu: aliye mbele namsikia, walio kando na nyuma vinawapunguza ili wasinizamishe. Bila hivyo nisingemsikia hata ami yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nyumbani kwetu tulikubaliana tunyamaze mpaka ndoa ifungwe. Nani anamwoza binti yake kwa kiziwi?"

Ghita aliitupa simu, akakimbilia chumba cha baba yake. Ami Larbi alikuwa akimfumba marehemu macho.

Baada ya maziko Bushta alikuja kuhani. Alikuwa amenyoa kichwa kizima, vifaa vinaonekana wazi nyuma ya masikio. Ami Larbi alimzuia mlangoni.

"Neno la mwisho la kaka yangu juu yako lilikuwa hapana. Nenda zako."

Bushta aliondoka bila kubisha. Ghita alimfuata uchochoroni, akampita, akageuka wakatazamana.

"Ungeniambia, ningekukalisha mkabala naye."

"Najua."

"Na mahali pale nilikuchagulia mimi, Bushta. Mimi mwenyewe!"

"Bado unanitaka?"

"Nakutaka mpaka naumwa." Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Lakini baba amekwenda na neno lake, siwezi kulikanyaga. Usiniombe."

Bushta aliinamisha kichwa. Ghita akamwinua kidevu.

"Nitazame. Mji mzima unasema ulimpa kisogo mzee anayekata roho. Nakuahidi, kila aliyekaa sebuleni siku ile nitamwambia kwa kinywa changu kwamba hukumsikia. Nitaanza na ami Larbi, sasa hivi, hata akinifukuza nyumbani."