Ulimi wa Mzee Hautajwi

Jumapili kwetu huanza na moshi wa mawe ya tanuri na kuisha na maneno ya babu. Babu Fuatavai alikuwa msemaji wa kijiji chetu hapa kisiwani Savaii. Akisimama uwanjani na fimbo yake ya usemaji, hata mbwa waliketi kwa adabu. Mimi ni mjukuu wake, Pelenatete. Likizo ile nilirudi kutoka shule ya bweni kule Apia nikiwa na elimu nyingi na mzigo wa nguo chafu.

Niliamua kuwaelimisha wadogo zangu. Kifaa cha kufundishia kilikuwa kichwa cha nguruwe aliyeokwa.

"Huu ni ulimi. Kwa Kiingereza, tongue. Nyama hii inayoshika meno ni ufizi, gum. Juu hapa, dari ya kinywa, ni kaakaa, palate. Shavu ni cheek. Taya ni jaw. Na kidonda cha humu ndani huitwa ulcer, ila marehemu hakuwa nacho."

"Pele, toa vidole kinywani mwa nguruwe," mama alisema. "Watu watakula hicho."

"Na ulimi wa babu unaitwaje?" mdogo wangu Fiti akauliza.

Mama alimfinya. Kwetu ulimi wa mzee mwenye cheo hautajwi. Wala mdomo, wala meno. Neno la heshima ni fofoga, nalo hufunika jicho, pua, mdomo na vyote vilivyo usoni, kama mkeka mmoja.

Siku hiyo babu hakunywa kakao yake ya moto. Aliisubiri ipoe. Msokoto wake wa tumbaku, uliokaa kushoto mwa kinywa miaka yote, ulikuwa umehamia kulia. Mama aliona. Kesho yake tukampeleka zahanati.

"Fofoga ya mzee inauma," mama alisema, macho yake sakafuni.

Nesi Sesilia alikuwa binti wa kijiji hiki hiki, naye alilelewa kama sisi. "Inauma wapi, mama?"

"Hapo hapo tu, mwanangu. Kwenye fofoga."

Babu alitazama dirishani. Msemaji mkuu hafunui kinywa mbele ya vitoto. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, basi nesi akatoa dawa ya macho. Babu aliitia kila asubuhi kwa utii mkubwa. Macho yakang'aa kama ya mtoto mchanga.

Niliporudi Krismasi, babu alikuwa amekonda na hotuba zake zimekuwa fupi. Watu walimsifu kwa hilo. Wakati wa sala ya jioni alipiga mwayo, nikaona kidonda ubavuni mwa ulimi, cheupe, kingo zimevimba.

"Mama, babu ana kidonda kwenye..."

"Nyamaza. Hiyo shule imekutoa haya."

"Basi kwa Kiingereza. Ana ulcer. Kwenye tongue."

Mama akasema kesho tutarudi zahanati. Kwa Kiingereza hakuna ulimi wa mzee na ulimi wa nguruwe. Tongue ni tongue. Hakuna aliyetukanwa.

Kule zahanati nilijiandaa kulisema, lakini babu akanitangulia. Zamani alifanya kazi kiwandani Auckland, na Kiingereza kidogo alikuwa nacho.

"Tongue," alisema, akafungua kinywa.

Nesi alimulika tochi. Hakutabasamu. "Mzee wetu, kidonda cha kinywani kikipita wiki mbili bila kupona, hakingojwi. Vivyo hivyo doa jeupe au jekundu, uvimbe au ganzi. Hata kama hakuna maumivu, mtu aje aangaliwe. Na tumbaku iachwe. Ndiyo inayoleta mengi ya haya."

"Na kama tungekitaja ile mara ya kwanza?" mama aliuliza.

Nesi alizima tochi. "Tumpeleke Apia leo, mama."

Ilikuwa saratani. Babu alisafirishwa hadi Nyuzilandi, wakaukata ulimi karibu wote. Alirudi hai. Anakula magimbi yaliyopondwa na tui la nazi. Hasemi.

Wazee walikutana wakaamua: ndani ya zahanati, kila kiungo kitajwe. Anayeona haya kwa lugha yetu, ataje kwa Kiingereza. Mwalimu niliteuliwa mimi, kwa kukosekana mwingine mwenye kiburi cha kutosha.

"Taya?"

"Joo," wazee waliitika.

"We mtoto," Mzee Tauvela alinitania, "na nguruwe wako yuko wapi leo?"

"Leo ninyi mnatosha, wazee wangu."

Walicheka. Wiki iliyofuata Tauvela alikwenda zahanati peke yake, akasema, "Cheek." Ndani ya shavu kulikuwa na doa jeupe ambalo lilikataa kuondoka. Likakatwa lingali dogo. Tumbaku akaitupa. Amepona, na sasa ndiye msemaji wetu.

Juzi wageni walipokuja, alisimama na fimbo ya babu. Sauti yake ilifika hadi kanisani. Lakini alipotaja vizazi vya ukoo wetu, aliruka jina. Babu, aliyeketi kwenye nyumba iliyo kando ya uwanja, akapiga nguzo kwa kiganja. Uwanja mzima ukamgeukia. Akafungua kinywa.

Tulingoja. Hata mbwa waliketi.

Tauvela akataja jina, taratibu, kama mwanafunzi anayebahatisha. Babu akatikisa kichwa. Akataja jingine. Babu akatikisa tena. Akaendelea kutaja, jina baada ya jina, mbele ya wageni wote, mpaka babu akaitikia kwa kichwa, akafunga kinywa chake.