Kamba ya Kabati la Jumba la Dohani

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumatano, Mwatumu binti Luqmani alifungua kabati la mvule katika ukumbi wa Jumba la Dohani, akakuta madaftari ya darasa tu. Alipapasa rafu ya juu, akapapasa ya chini.

"Mwalimu!" aliita. "Kitabu cha Jumba kimeibwa!"

Mwalimu Samiha alikuja mbio, chaki ikiwa bado mkononi. Saa tisa alasiri ya siku hiyo hiyo, afisa ardhi kutoka mjini alitarajiwa kufika kukikagua kitabu hicho.

Jumba lilijengwa mwaka 1927 na Mwingereza aliyekuwa na shamba la mkonge hapo Mkongeni, karibu na Kigombe. Aliliiga umbo la nyumba ya ukoo wake huko Uingereza. Kwa kuwa ile ya kwao ilikuwa na dohani tatu za kutolea moshi wa moto wa kuota, hii nayo akaiwekea dohani tatu, katika pwani ambayo watu hulala madirisha wazi na bado wakaamka wamelowa jasho. Hakuna aliyewahi kuota moto humo. Waliofaidi ni njiwa. Watu wakamwita Bwana Dohani, na jina likabaki hata baada ya mwenyewe kurudi kwao.

Bwana Dohani ndiye aliyeanzisha Kitabu cha Jumba, akaandika humo kila chumba kilichojengwa na kila mstari wa mkonge uliopandwa. Karani wake akakiendeleza kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja, wa mwaka 1958, ulieleza kwamba jumba na kisima chake vinaachwa viwe mahali pa kuwasomesha watu wa shamba. Bila ukurasa huo, jumba lingebomolewa, na darasa la kisomo cha watu wazima lingekosa hata pa kutandika mkeka. Mwatumu ndiye kiranja wa darasa na ndiye aliyekabidhiwa kitabu. Alikuwa amejua kusoma akiwa na miaka arobaini na sita, na watoto wanne. Hakuwa tayari kulipoteza darasa lake.

Kitasa cha kabati kilikwisha kuharibika zamani. Milango yake ilifungwa kwa kamba ya katani. Mwatumu aligundua kuwa bado ameishika kamba hiyo. Akaitazama vizuri.

"Mwalimu, hii si kamba yangu. Yangu ilikuwa kuukuu, imekuwa nyeusi kwa kushikwashikwa. Hii ni nyeupe, imesokotwa juzi au jana."

"Mwizi gani huyo, aibe kisha afunge kabati kwa kamba mpya?"

"Mwizi mwenye adabu," alijibu Mwatumu, na ijapokuwa moyo ulikuwa mzito, wote wawili walicheka.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Haji, mlinzi.

"Jana darasa lilikwisha saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni, mama."

"Nani aliingia ukumbini baada ya hapo?"

"Badru, yule muuza milango ya kale wa Raskazone. Alikuja na futi yake kupima. Nikamfukuza. Halafu Mzee Zebedayo alirudi kuchukua kikapu alichokisahau. Zebedayo yule yule ambaye herufi zake hulala chali ubaoni. Basi."

Saa nne kasoro dakika kumi, Badru mwenyewe aliwasili kwa pikipiki, amevaa miwani ya jua.

"Badru, kitabu kiko wapi?"

"Kitabu? Mama Mwatumu, mimi nataka milango. Kitabu nitakipachika kwenye fremu gani?"

"Kitabu kikipotea, jumba litabomolewa. Jumba likibomolewa, milango utaipata. Au nimekosea?"

Badru alivua miwani. "Hesabu ni nzuri, lakini mimi simo."

Mwatumu alichomoa nyuzi za katani kwenye pindo la kanga aliyoifunga kiunoni, akampa. "Sokota kamba."

Badru alihangaika mpaka jasho likamtoka. Alichokitoa kilifanana na ndevu za beberu.

"Mtoto wa mjini," alisema Haji, "hata mbuzi wa karatasi angeikata hiyo." Akazichukua nyuzi nyingine, akainua kikoi, akaziviringisha juu ya paja la kulia kwa kiganja cha kulia. Punde kamba safi ikatoka.

Mwatumu aliziweka kamba mbili sambamba, ya Haji na ya kabatini. Akainama. Ya Haji ilizunguka upande ule ule unaozunguka kamba zote za Mkongeni. Ya kabatini ilizunguka kinyume chake.

Alijua kwamba kamba hiyo ilisokotwa kwa mkono wa kushoto, juu ya paja la kushoto. Lakini hapo Mkongeni nani angekiri kuutumia? Kwa mkono wa kushoto mtu hali, hampi mwenzake kitu wala hasalimii. Aliyezaliwa nao huuficha mpaka kaburini. Ndipo alipozikumbuka herufi za Mzee Zebedayo zinazolala chali ubaoni.

Saa sita kamili alikuwa nyumbani kwa Zebedayo. Kabla ya kupiga hodi, aliinama kwa mbuzi aliyefungwa uani, akaishika kamba yake. Kinyume.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kiranja." Mzee alikuwa ameketi mkekani, na kitu alichokifunika kwa kanga ya marehemu mkewe.

"Mzee, mbuzi wako amefungwa na mwizi wangu."

Zebedayo aliitazama kamba, akamtazama Mwatumu, kisha akaifunua kanga. Kitabu kilikuwa pale, kizima, na kando yake karatasi.

"Ningekirudisha saa nane," alisema. "Katika ukurasa ule limo jina la baba yangu, Bartolomayo. Alitoka bara kuja kukata mkonge, na ndiye aliyechimba kile kisima. Nilisikia afisa atakichukua kitabu aende nacho mjini. Nikataka kulinakili jina lake kwanza, kwa mkono wangu."

"Kwa nini usinakili darasani?"

"Mkono upi, binti yangu? Wa kulia haunitii. Nilipokuwa mdogo, shuleni waliufunga huu wa kushoto kwa kamba, nyuma ya mgongo. Wiki ya pili nikatoroka, sikurudi."

"Na ile kamba mpya?"

"Ya zamani ilikatika mikononi mwangu. Ningeuachaje mlango wazi? Panya wangekula madaftari yenu. Mkono ukasokota wenyewe."

Mwatumu aliichukua karatasi. Ukurasa mzima ulikuwa umenakiliwa kwa herufi zilizosimama wima kama mistari ya mkonge mchanga. Aliusoma wote kwa sauti, bila kukwama, na mzee akalifuata kila neno kwa kidole.

Saa tisa, afisa ardhi, Bi Shadya, alikisoma kitabu ukumbini, darasa zima likimtazama.

"Ushahidi unatosha," alisema hatimaye. "Jumba litabaki kuwa la kisomo. Ila sitapenda kukiondoa kitabu hiki mahali pake. Ningepata nakala ya ukurasa, ikatiwa sahihi na mtu wa ukoo uliotajwa..."

"Nakala ipo," alisema Zebedayo, akasimama. "Na niliyekichukua kitabu jana bila ruhusa ni mimi. Mnisamehe."

Mnong'ono ulipita. Mzee aliishika kalamu kwa mkono wa kulia, na herufi ya kwanza ikalala chali.

"Mzee," alisema Mwatumu taratibu, "ule mkono wako."

Kalamu ilihamia kushoto. Zebedayo Bartolomayo, aliandika, jina lake na la baba yake, bila kuinua kichwa.

Bi Shadya alilitazama. "Huu ni mwandiko wa karani!"

Vigelegele vilipanda mpaka juu ya dari, na njiwa wakaruka kutoka katika dohani zote tatu kwa pamoja. Hata Badru alipiga makofi, huku jicho lake likiuaga mlango.

Haji alikirudisha kitabu kabatini. "Kiranja, tufunge kwa kamba ipi?"

Mwatumu alimpa ile nyeupe. "Ya mwizi," alisema. "Ndiyo imara."