Fomu Yenye Nafasi ya Jina Moja

Asubuhi ile ya Julai 1979 tulikuwa tunaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mbele ya nyumba yetu, Mama Virginie, mdogo wangu Kyungu na mimi. Jua lilikuwa kali. Paka wa jirani alikuwa ameshaiba mara mbili, na Mama alimtupia kandambili akamkosa, tukacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mdomo mrefu, na kazi ya biro, ya ofisini, ambayo mtaa mzima wa Kataki uliionea wivu.

Kazi yenyewe ilikuwa kwa Dokta Adalbert. Kwenye karatasi za serikali jina la Kizungu la namna hiyo lilikuwa marufuku miaka ile, lakini mama yake alimbatiza hivyo na sisi tulimwita hivyo. Alikuwa mtoto wa Moba, aliyesoma Ubelgiji mpaka akamaliza udaktari wa mambo ya ubongo. Profesa wake huko akampa nafasi ya utafiti ya miaka miwili: arudi kwao, apitishe umeme mdogo kwenye vichwa vya watu, achunguze ubongo unaweka wapi majina na sura. Akipata matokeo mazuri, nafasi inaendelea na anarudi Ulaya. Asipopata, anabaki nasi Kalemie, jambo alilolitaja kama mtu anayetaja kifungo. Mimi nilijaza fomu na kulowesha sponji za mashine. Aliniahidi barua ya kunipeleka shule ya wauguzi Lubumbashi, na kwa ajili ya barua ile ningemlowesha hata yeye mwenyewe.

Sasa nieleze habari ya mapacha, maana bila hiyo hamtanielewa. Kyungu alikuwa na pacha wake, Kabwe. Walifanana mno, tuliwatofautisha kwa mkono tu, kwa kuwa Kabwe alikula kwa kushoto. Kwetu pacha haitwi peke yake. Unaita Kyungu-na-Kabwe, hata kama unataka mmoja tu akuletee maji. Unachompa huyu unampa na yule, kwa sababu ukimpendelea mmoja, anakula sehemu ya mwenzake. Na pacha akifa hatusemi amekufa. Tunasema ameenda kutafuta chumvi. Hakuna matanga, hakuna kulia, na sahani yake inaendelea kuwekwa. Mwaka uliotangulia surua ilimchukua Kabwe akiwa na miaka minane. Shangazi Bertille alihamia kwetu mwezi mzima kuhakikisha kwamba Mama hatoi chozi, na Mama hakutoa.

Lakini aliacha kulala. Siku ile ya ndagala, paka alipokwisha kukimbia, alikaa chini ghafla akaniambia, "Sura ya Kabwe imenipotea."

"Mama, si huyu hapa wanafanana?"

"Huyu njo Kyungu. Mimi namutafuta mwenzake."

Picha hatukuwa nayo hata moja. Nikaikumbuka mashine. Dokta alihitaji watu kumi na alikuwa amepata sita. "Mulete," akasema haraka. Basi Mama yangu akawa mtu namba saba.

Kwenye fomu yake, mahali pa jina atakalolitaja kwenye mashine, niliandika Kyungu na Kabwe. Dokta akapiga mstari juu yake.

"Henriette, kuko nafasi ya jina moya tu. Neno moya, jibu moya. Hii ni siansi."

"Dokta, unajua mambo ya mapasa. Wewe ni muntu wa Moba."

"Najua. Njo maana sikubakia Moba."

Nikachukua fomu mpya nikaandika Kabwe peke yake. Kwa mkono wangu huu. Vikao vilipangwa kumi, kila siku saa nne asubuhi, katika nyumba ya zamani ya Mbelgiji mmoja karibu na ziwa.

Sponji zile huloweshwa maji ya chumvi ili umeme upite vizuri. Nilipomwekea Mama pande mbili za kichwa, alinusa, akatabasamu.

"Chumvi," akanong'ona. "Kumbe ameipata."

Dokta hakusikia. Akazungusha kitufe, sindano ya mashine ikapanda kidogo, akamwambia Mama alitaje jina. Mama akasema, "Kabwe." Uso wake ukafunguka. Akasema anamwona, akaeleza kovu dogo chini ya sikio ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau, kisha akalia kilio cha mwaka mzima. Nami nililia. Nilifurahi, siwezi kuwadanganya. Usiku ule Mama alilala.

Siku ya tatu, Kyungu alinawa mikono akaja kula. Mama akaipitisha sahani ya Kyungu mbele ya uso wa mtoto, akaiweka mahali patupu alipokuwa akikaa Kabwe, upande wa kushoto. Kyungu alicheka. Alidhani ni mchezo.

Siku ya tano, alirudi kutoka shule gauni limechanika begani. Mama alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto wa watu.

"Wewe mutoto, kwenu ni wapi? Mama yako hatakutafuta?"

"Mama, ni mie."

"Kimbia kwenu, mwanangu. Jua linaenda."

Ule upole ndio ulioniuma. Kyungu alilala kitandani kwangu usiku ule, ameshika kitenge changu kwa ngumi. Asubuhi akala uji kwa mkono wa kushoto. Aliutazama mkono ule kwa hofu, kama si wake.

Nilimwomba Dokta tuache. Aliandika yote niliyomwambia, vizuri, kwa wino wa bluu.

"Hiyo ni matokeo, Henriette. Kumebakia vikao tano. Ripoti inaenda mwisho wa mwezi."

Barua yangu ilikuwa mezani kwake, imeshapigwa taipu, haina saini. Niliitazama. Kisha nikaenda kulowesha sponji. Nawaambia hivi ili mnijue.

Siku ya kumi nilimchukua Kyungu. Nilitaka Mama akitoka pale amwone. Nikamketisha kwenye benchi barazani. Ziwa liling'aa mpaka macho yaliuma.

Mama akataja jina mara nne. Mara ya tano umeme ukakatika. Sindano ikaanguka sifuri. Dokta akaondoa mkono kwenye kitufe.

"Imekwisha, Mama Virginie."

"Kabwe," Mama akasema.

"Mama, mashine imezimika."

"Kabwe."

Feni ya darini ikazunguka mara ya mwisho, ikasimama.

"Eee, Mama," mtoto akaitika kutoka barazani.

Sauti ilikuwa nzito, ya koo lililokauka. Niliijua. Ndiyo sauti ambayo surua ilimwachia Kabwe siku zake mbili za mwisho. Dokta alinitazama. Mimi nilitazama sindano. Sifuri.

Mtoto akaingia. Gauni lile lile, bega lile lile lililochanika. Hakuniangalia. Akaenda moja kwa moja kwa Mama, akamfuta maji ya chumvi kwenye paji. Kwa mkono wa kushoto. Chini ya sikio lake palikuwa na kovu.

"Kyungu?" nikanong'ona.

Akageuka. Alinitazama kama mtu aliyesikia jina la mgeni.

Dokta Adalbert aliyaandika yote. Nafasi yake iliendelezwa. Septemba alipanda ndege. Barua yangu aliisaini bila kuniangalia usoni, nami niliipokea bila kuuangalia uso wake.

Shangazi Bertille alikuja wiki ileile ya kikao cha mwisho. Alimtazama mtoto mara moja tu, akanivuta nyuma ya jiko.

"Muliita mumoja."

"Ndiyo, Shangazi."

"Nani aliandika?"

Nikauficha mkono wangu kitengeni. Akaniambia la kufanya, na lilikuwa dogo hata kutia aibu. Nisimame mbele ya mtoto na Mama yake, niwaite mapacha wote wawili kwa pamoja, mara tatu, kabla siku arobaini hazijaisha. Basi. Mtoto mwenye mwili wake atarudi mwilini, na yule mwingine atarudi alikokuwa.

Nilikwenda mchana huohuo. Mama alikuwa ameketi mkekani akimsuka mtoto nywele, akiimba kidogo. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu baba afariki. Nikasimama mbele yao. Nikavuta pumzi.

"Usimuite," Mama akasema. Hakuinua hata kichwa.

"Mama... unajua?"

"Najua tangu siku ya tatu."

"Kyungu ni mutoto wako!"

"Ni mutoto wangu. Nilimuogesha, nilimupenda, hakukosa kitu. Huyu mwenzake alikufa mikononi mwangu na nikakatazwa kulia. Nikaambiwa niseme amesafiri. Nikaambiwa nicheke." Vidole vyake viliendelea kusuka. "Ukimuita ule, huyu anakufa tena. Sitamuzika mara mbili, Henriette. Chagua wewe, lakini uchague mbele yangu."

Mtoto alikuwa ametulia, macho yamefumbwa, midomo imefumbwa. Ndipo sauti ikatoka. Haikutoka mdomoni. Ilitoka ndani yake, chini, mbali, kama mtu anayeita kutoka kisimani. Ilikuwa sauti nyembamba niliyoizoea, ya mdogo wangu aliyeniita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya. Niite na mimi."

Mama aliisikia. Niliona mabega yake yakikakamaa. Vidole havikusimama.

"Yaya. Kuko baridi."

Nilifungua mdomo. Mama akaniangalia, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyelala vizuri kwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima. Nikaufunga. Nikatoka nje nikageuza ndagala.

Siku arobaini zilipita. Nilikwenda Lubumbashi na barua yangu, nikawa muuguzi. Mama alifariki mwaka 1991 bila maumivu, akimshika yule binti mkono.

Mwaka 1994 binti alitaka kufunga ndoa, akaniomba nimtafutie cheti chake cha ubatizo. Padri mzee wa parokia alifungua daftari kubwa la 1970. Mstari ulikuwepo: Claire Kabwe, binti wa Virginie. Juu yake palikuwa na mstari mwingine, tarehe ileile, mama yuleyule, wino uleule. Mahali pa jina la mtoto palikuwa patupu. Nilipitisha kidole. Hapakukwanguliwa, hapakufutwa, karatasi ilikuwa laini na safi.

"Ajabu," Padri akasema. "Huyu alikuwa nani?"

Nikafuata mstari mpaka mwisho, kwenye safu ya mama wa ubatizo. Saini ilikuwa yangu, ya miaka kumi na sita, yenye mkia mrefu wa majivuno.

Padri alikuwa akinisubiri, kalamu mkononi, tayari kuandika.

"Sijui, Padri," nikamwambia.