Nani Aling'oa Kibao cha Hamsini?

"Zima hiyo grainda! Zima, nimesema!"

Cheche zilikuwa zinaruka uani hadi kwenye nguo nilizoanika.

Mume wangu akainua uso. Yeye ni fundi wa kuchomelea, kukata chuma ndiyo kazi yake. Lakini chini ya buti lake siku hiyo kulikuwa na bati la duara... jeupe... ukingo mwekundu.

Alishalikata katikati. Upande mmoja tano, upande mwingine sifuri.

Kibao cha hamsini! Kile cha kuzuia mwendo kwenye kona yetu!



Nisikilizeni vizuri. Jana yake tu, mchana kweupe, mdogo wangu alimgonga fundi baiskeli wa pale konani. Mzee wa watu alikuwa anavuka na gurudumu mkononi. Hakufika hata hospitali.

Mdogo wangu ni dereva wa gari la mikate, na njia ile ndiyo kwanza alikuwa amepangiwa. Nimemlea mwenyewe tangu mama yetu alipofariki. Akiwa mahabusu alikuwa analia kama mtoto.

"Dada, hakukuwa na kibao! Ningejuaje?"

Na kweli, trafiki walipokuja kupima walikuta nguzo tupu.

Sasa kibao ninacho uani kwangu!

"Kumbe ni wewe!" nikapiga kelele. "Umeng'oa kibao uuze chuma chakavu! Mtu amekufa, mdogo wangu anaoza ndani, na wewe unakula meza moja na mimi?"

Akainama, akavisogeza vile vipande kwa buti.

"Si naongea na wewe, baba watoto!"

"Fikiri unavyotaka, mke wangu," akasema. Akavua miwani yake ya kazi. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa moshi.

Sikumsubiri. Nikajifunga kanga, mguu kwa mguu hadi kituo cha polisi.

"Mdogo wangu, utatoka!" nikamnong'oneza kwenye nondo. "Nimempata aliyeng'oa kibao. Ni shemeji yako!"

Nilitegemea atafurahi.

Akageuka kutazama kama afande yuko karibu...

"Dada, usimwambie afande."

"Kwa nini?"

"Kibao kilikuwepo. Nilikiona kabisa. Nilikuwa kwenye tisini, nawahi duka la mwisho... Watu walipokuwa wamemzunguka mzee, nikampigia shemeji. Nikamwambia akakitoe kabla trafiki hawajafika. Alikataa, dada. Nikamlilia. Nikamtajia wewe, nikamwambia utakufa kwa presha nikifungwa."

Nilimwangalia nisimtambue. Huyu ndiye niliyembeba mgongoni?

Kabla sijajibu, simu yangu ikaita. Jirani.

"Njoo konani haraka! Mama mkwe wako kagongwa!"

Mama mkwe alikuwa anavuka kwenda msibani kwa fundi baiskeli. Nilimkuta amelazwa kwenye mkeka, miguu imekaa kama si yake. Dereva, kijana mgeni kabisa, alikuwa amekaa chini ameshika kichwa.

"Hakukuwa na kibao, mama," akaniambia. "Wallahi hakukuwa na kibao."

Safari hii ilikuwa kweli!

Mume wangu alifika mbio, mikono bado ina masizi. Alimwona mama yake. Akaiona nguzo tupu. Akapiga magoti pale pale kwenye lami, gari za watu zinapiga honi.

Mama mkwe hakufa. Lakini kutembea basi tena. Tukamleta kwetu, tukamtandikia chumba cha mbele.

Na hapo ndipo nyumba yangu ilipogeuka kaburi.

Kila asubuhi mume wangu anamnywesha uji, na kila asubuhi bibi anauliza, taratibu, macho usoni kwa mwanawe:

"Hivi baba, nani aling'oa kile kibao?"

Kijiko kinagonga bakuli. Ka, ka, ka. Mimi nikiwa jikoni nasikia.

"Sijui, mama."

Mume wangu alikonda. Breki zikilia barabarani anaruka kitini. Nikamwambia wazi, "Nenda kaseme. La sivyo nitakwenda mimi."

"Nianze na mama," akajibu.

Asubuhi iliyofuata bibi akauliza kama kawaida. Mume wangu akaweka bakuli chini.

"Mama... ni mimi."

Nilishika ukuta nikingoja kilio. Matusi. Laana.

Bibi akashusha pumzi.

"Najua, mwanangu."

"Unajua?!"

"Dirisha langu si lilikuwa linatazama kona? Nilikuona na spana yako. Nikasema mwanangu anakipeleka kukipaka rangi, kitarudi. Niliposikia shemeji yako anadai hakukuwa na kibao... nikangoja uniambie mwenyewe." Akayashika mashuka juu ya magoti yake. "Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako imepita juu ya miguu yangu."

Mume wangu alilia mpaka akaishiwa sauti. Mchana ule alikwenda kituoni kwa miguu yake. Mdogo wangu naye akasema ukweli mbele ya hakimu. Wote wawili wanatumikia kifungo, na mimi nabaki na bibi, tukisikiliza magari.

Wewe unayesema "mimi dereva mzoefu, hamsini ni ya wanaojifunza", nakuomba kitu kimoja. Kibao hakikuwekwa kukuchelewesha. Kinamsemea mtu aliye nyuma ya kona, ambaye bado hujamwona.

Punguza mwendo, ndugu yangu. Huyo mtu ni mama wa mtu.