Ndagala Mfukoni

Kila asubuhi kabla ya shule, nyumbani kwetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kila mtu alikuwa na kazi yake. Mimi, Eliane, nilichota maji bombani. Mdogo wangu Divine alifagia uwanja. Mama alipika uji. Naye Tofali, mbwa wetu, alikaa mlangoni akimtazama Divine. Si mimi. Divine! Hilo ndilo lililonichoma tangu mwanzo, na sitalificha.

Tofali alikuwa mfupi, mpana wa kifua, mwekundu kama tofali la kuchomwa, na kichwa chake kikubwa kiliwafanya watu wahame njia. Papa, baba yetu, ni mwashi. Anajenga mjini Mbarara, na alimkuta Tofali mtaa wa Nyamitanga, kwenye nyumba ambayo wapangaji walihama wakamwacha amefungwa kwa waya. Alimpeleka kwa Dokta Goretti, daktari wa wanyama wa mtaa wa Kakoba, mjini humohumo. Dokta alimchanja, akasema ni mbwa wa aina ya Staffordshire bull terrier.

"Batu banaogopa kichwa yake bure," Papa alituambia kwa lahaja ya kwao alipomleta. "Hii mbwa inapenda batu mingi."

Waya ulikuwa umemwachia kidonda shingoni. Nani alikiosha? Mimi. Wiki mbili nzima, maji ya chumvi asubuhi na jioni, huku Divine amejificha nyuma ya Mama. Kidonda kilipopona, Tofali akaenda kulala miguuni pa nani? Pa Divine. Jamani, mimi nilionekana kama mpita njia tu.

Majirani nao walikuwa na maneno yao. Wengine walisema tumpe pilipili ili awe mkali. Wengine walitaka aondoke. Mwisho mwenyekiti wa kijiji, Mzee Salvator, akaja mwenyewe.

"Ninawapa mwezi mmoja wa kumfundisha," akasema. "Akimrukia mtu hata mmoja, hakai hapa."

Dokta Goretti alikuwa ametupa masharti. Mbwa akae chini kwanza, ndipo ale. Chakula kitoke kwenye bakuli lake tu, kamwe kisitoke mkononi wala mfukoni mwa mtu. Divine aliyafuata yote. Alisema "Kaa!" na Tofali akakaa. Mimi nikisema "Kaa!" Tofali alimtazama kwanza Divine, kana kwamba anamwomba ruhusa. Papa alicheka sana. "Divine ni mwalimu wake," akasema. Nami nilicheka, lakini moyoni nilikuwa natokota.

Basi nikaanza wizi wangu. Mama aliponituma sokoni kununua ndagala, wale samaki wadogo wakavu, nilitia ndagala wa kiganja kimoja mfukoni mwa sketi. Kisha nikaenda nyuma ya jiko, nikapiga mluzi mdogo. Siku ya kwanza Tofali alinusa tu. Siku ya tatu aliniwekea miguu miwili kifuani na kuzamisha pua mfukoni, mkia ukienda huku na huku.

"Unanipenda mimi, eeh?" nikamnong'oneza, nikampa ndagala mwingine.

Ikawa hivyo kila siku. Wiki ya tatu, jioni moja baada ya shule, Divine alikuwa amemshika Tofali kwa kamba uwanjani. Mama Cansilde, jirani yetu Mrundi anayeuza ndagala, akapita na beseni kichwani. Tofali akainua pua, akachomoka, na kamba ikamponyoka Divine. Akamrukia Mama Cansilde kifuani kwa furaha, vilevile alivyozoea kunirukia mimi. Mama wa watu akaanguka chali, beseni kule, ndagala kule.

"Yooo! Mbwa inaniua!" akapiga kelele.

Tofali hakumwuma. Alikuwa anakula ndagala. Lakini kifundo cha mkono wa Mama Cansilde kilikuwa kimeteguka, na watu walikuwa wamejaa uwanjani. Mzee Salvator hakupandisha sauti.

"Laurent," akamwambia Papa, "kesho mbwa aondoke. Akibaki, vijana watamaliza kazi kwa mawe."

Papa akamgeukia Divine. "Ni weye ulishika kamba! Nilikuambia nini?"

Divine alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Nami nilisimama palepale, mkono mfukoni, vidole vikigusa vumbi la ndagala, nikanyamaza. Tena kuna sehemu ndogo ya moyo wangu iliyofurahi. Leo mwalimu wa mbwa amegombezwa!

Kesho yake tulipanda gari la mfanyabiashara wa maharagwe mpaka Kakoba: Papa, Divine, mimi na Tofali. Papa alimwomba Dokta Goretti amtafutie mbwa nyumba nyingine. Dokta alimkagua. Divine akasema "Kaa," na Tofali akakaa. Msaidizi wa Dokta akapita karibu yake mara tatu. Tofali hakuinuka.

"Hii mbwa inajua kazi yake," Dokta akasema. "Kuruka amefundishwa na mtu. Nani anamlisha kwa mkono?"

Papa akamtazama Divine.

"Si mimi, Papa! Kweli si mimi!"

Dokta akangoja. Kisha akatoa sindano kabatini. "Basi, kama ni tabia yake, siwezi kumtafutia nyumba nyingine. Afadhali nimpe sindano alale moja kwa moja, kuliko afe kwa mawe."

Divine akaachia kamba ili afute machozi. Tofali akainua pua. Akampita Divine, akampita Papa, akaja moja kwa moja kwangu. Akaniwekea miguu miwili kifuani, pua ikazama mfukoni mwangu. Mbele ya watu wote alinichagua mimi. Ndicho nilichokuwa nakitamani wiki zote hizo, na sasa nilitamani ardhi inimeze.

Mfuko ulikuwa mtupu. Ningeweza kusema lolote. Lakini Divine alikuwa ananitazama kwa macho mekundu, na hata hakuwa na hasira.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa nampa ndagala kwa siri. Nilimwonea Divine wivu."

Papa akanigeukia. "Jana nilimugombeza mudogo wako, na weye uliona?"

"Ndiyo, Papa."

"Ile ndiyo inaniuma kupita ndagala zote."

Dokta Goretti akarudisha sindano kabatini. "Aliyemharibu ndiye atamrekebisha," akasema, akininyooshea kidole.

Jioni ile, tuliporudi na Tofali, nilikwenda kwa Mama Cansilde na kwa Mzee Salvator, nikasema yote. Mzee Salvator akatupa wiki mbili zaidi. Mama akaishona mifuko yote ya sketi zangu ikazibika. Na kila siku baada ya shule nilimbebea Mama Cansilde beseni lake, nikalipitisha mbele ya Tofali tena na tena. Akiruka, nilimpa mgongo. Akikaa, Divine alimpa chakula ndani ya bakuli. Shingo iliniuma, lakini sikulalamika.

Siku ya mwisho Mzee Salvator alisimama uwanjani. Mama Cansilde, mkono umepona, akaja na beseni lake kichwani. Tofali akaanza kutetemeka mwili mzima, mate yakimdondoka.

"Sema weye," Divine akaniambia.

"Kaa," nikasema.

Tofali akakaa. Mama Cansilde akapita hatua kwa hatua, na mbwa hakuinuka. Mzee Salvator akakubali kwa kichwa, akacheka. "Basi, abaki."

Mama Cansilde akashusha beseni, akanishika bega. "Ewe mwana, ulitaka mbwa akupende, ukampa vya kuiba. Akapenda ndagala, wewe hukupata kitu. Na mdogo wako akabeba kosa lako. Wivu unatushika sote, hata mimi. Siku nyingine ukikushika, useme wazi, watu wakusaidie. Ukiuficha, wataumia wasiokuwa na kosa."

Jioni tuliketi mlangoni, Divine na mimi. Tofali akaja, akalaza kichwa kwenye miguu ya Divine. Mimi nikapata upande wa mkia. Nikahisi ule moto wa zamani ukianza tena.

"Divine," nikasema, "ninaona wivu."

Divine akanitazama, akacheka, akainuka. "Njoo ukae huku kwenye kichwa, basi."