Swichi Ine, Chef Moja

Jumatano, tarehe 2 Juni 2004, ndiyo siku Bukavu iliharibika. Waasi walikamata mji, na wakubwa wa jeshi walioapa kuulinda walikuwa tayari mu jeep, njia ya Walungu.

Mugisho hakupanda jeep.

Agenti huyu wa siri alikuwa mtaa wa Muhumba, mu villa ya wageni waliosaidia waasi. Bastola Browning ya kizuia sauti mkononi, ovaroli ya fundi mwilini. Fundi wao wa mitambo amelala chini, mikono imefungwa kwa waya.

Mbele yake, swichi ine za mtandao, masanduku moja juu ya ingine, zimeungwa nyuma kwa kebo nene. Antene zote zilizovizia simu za mji zilipitia hapo. Ukifungua Thuraya tu, ile simu ya satelaiti, ekra, kioo cha mashine, inaonyesha nyumba yako.

Na kule Kasha, mu Bagira, Lydie alikuwa na Thuraya.

Bibi yake wa ndoa. Agenti kama yeye. Alikuwa ameona waasi wanatega barabara ya Kavumu, ile raia walikuwa wanakimbilia. Alingoja tu aambiwe swichi zimekufa, apige simu.

Redio yake ya Motorola ikakoroma. Commandant Polycarpe, mkubwa wake, akimuita kwa jina lake la siri.

"Sambaza, ondoa ile ya juu, ya chef, inayoamuru zingine. Zingine uache."

"Mon commandant, ziko ine lakini zinatumika kama moja. Ukitoa chef, ya pili inakamata commandement palepale, inakuwa mkubwa mpya. Acha nikate zote."

"Uharibu matériel ya bei vile? Tutaihitaji! Chef tu. Ni order."

"Vizuri. Lakini Lydie asifungue simu kwanza."

"Ndiyo, ndiyo."

Mugisho akachomoa umeme wa chef.

Taa zikafifia.

Zikarudi.

Yule mfungwa akacheka pale chini. "Pole, papa. Adjoint, yule wa pili, amekamata kiti. Huku haiko kama jeshi yenu, huku adjoint hakimbiake."

Doa jekundu likawaka kwenye ekra. Kasha.

Lydie alikuwa hewani.

"Mumwambie afunge! Afunge!" Mugisho akapiga kelele mu Motorola.

Motorola kimya.

Mugisho akakamata koleo, akakata kebo za nyuma, zote, akachomoa umeme uliobaki. Kila sanduku akalipiga risasi. Ekra ikafa.

Upande wa Bagira, kule Kasha, bomu likalia. Moja tu.

Ujumbe wa Lydie ulikuwa umefika. Raia waligeuzwa, wakapita njia ingine, mtego ukabaki mtupu. Waasi walikosa macho na masikio.

Mugisho akaficha Browning chini ya ovaroli, akashuka ngazi polepole. Pale mlangoni askari wa waasi walikuwa wanavuta sigara.

"Fundi, kazi imeisha?"

"Imeisha, bachef. Mubakie muzuri."

Akapita katikati yao, akashika barabara. Hakugeuka.

Kule Walungu, Polycarpe aliapa mbele ya Mugisho: "Ndugu yangu, mimi sikumuita Lydie. Batri yangu ilikufa." Wakubwa wengine wakaapa vilevile, mmoja mmoja, wamevaa manguo safi.

Basi nani alimwambia Lydie kwamba mashine zimekufa?