Marekebisho ya Ukurasa wa Tisa

Lornah alimjua Dalmas kwa matope. Asubuhi ile foleni ya masjala ya mahakama mjini Kisumu ilikuwa imefika mlangoni, naye, katika suti ya bluu iliyopigwa pasi ikanyooka, alikuwa akingoja nakala za hukumu za wiki. Mbele yake alisimama mpima ardhi mrefu, ameitwa kutoa ushahidi wa mpaka wa shamba, viatu vyake vya mpira vimejaa udongo mweusi. Alipogeuka alimkanyaga.

"Pole, Madam. Utanishtaki?"

"Ushahidi unao mguuni," Lornah alimjibu, akifuta kiatu kwa kitambaa. "Kesi yenyewe fupi."

Dalmas alicheka mpaka karani akainua kichwa.

Mwaka haukuisha kabla hawajapanga nyumba pamoja mtaani Nyamasaria. Lornah aliandika muhtasari wa hukumu katika jarida la mawakili linalotoka kila Jumatatu: ardhi, ajira, malezi ya watoto, ajali. Dalmas alikuwa msomaji wake wa kwanza. Alimwita Jaji wangu, na kabla hajaketi kula angeuliza nani kashinda. Miaka minne ilipita hivyo.

Kisha ikaja hukumu ya mwanamke aliyeishi na mwanamume muda mrefu, akadai ni mumewe. Mahakama ikakataa: kukaa nyumba moja pekee si ndoa. Lornah alitaka mfano ulio wazi, akachukua uliokuwa karibu. Akaandika kwamba mwanamke na mwanamume waliopanga nyumba Nyamasaria miaka minne, bila sherehe wala cheti, mbele ya sheria ni wapangaji wawili.

Dalmas aliusoma muhtasari huo akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi.

"Wapangaji wawili," alisema.

"Ni mfano tu."

"Mara mbili nimekuambia nataka kufika kwenu na wazee. Mara mbili umesema tungoje. Kumbe tulikuwa tunangoja hii."

Lornah akamweleza alichosema jaji, aya kwa aya. Kila neno lilikuwa sahihi. Jioni Dalmas alikwenda kwao Asembo Bay, kando ya ziwa, na vyombo vyake vya kupimia. Viatu vya mpira akavisahau mlangoni.

Wiki sita. Alipiga simu mara moja, kuuliza kama mvua imefika Kisumu. Ilikuwa imefika. Wote wawili waliisikiliza juu ya mabati, kisha akaaga. Lornah aliendelea na kazi: mwenye nyumba aliyebadilisha kufuli, mfanyakazi aliyefutwa kwa ujumbe wa simu, lori lililogonga ng'ombe huko Mamboleo. Kila alipomaliza aligeuza kichwa amwambie Dalmas nani kashinda.

Jirani yake, Mama Apiyo, akianika nguo, alimwuliza mzee wake anarudi lini kutoka kazini. Lornah alifungua kinywa amsahihishe. Akashindwa.

Aliingia ndani akaisoma hukumu upya. Kulikuwa na aya aliyoipita haraka: mahakama hutazama pia nia ya wawili hao, na jinsi watu walivyowajua. Akakumbuka fomu ya hospitali, mwaka aliofanyiwa upasuaji. Pale panapoulizwa uhusiano, mbele ya jina la Dalmas, mkono wake mwenyewe uliandika: mume.

Jumatatu, ukurasa wa tisa, jarida likatoka na maneno haya: "Marekebisho. Mfano wa nyumba ya Nyamasaria haukuwa kamili. Wawili hao bado hawana cheti. Lakini mwanamke alikwisha kumwandika mwanamume huyo kuwa mume wake, kwa hiari na akili timamu, asimwambie. Kosa ni la mwandishi."

Saa sita mchana simu ililia.

"Jaji wangu. Hayo marekebisho yana nguvu gani kisheria?"

"Hayana. Sheria inataka ilani ya siku ishirini na moja, na mashahidi wawili."

"Na kwenu?"

"Mama anawangojea Jumamosi, wewe na wazee. Nimeshamwambia."

Nyuma ya Dalmas wanawake walikuwa wakibishana bei ya samaki.

"Viatu vyangu vya mpira bado viko?"

Lornah alitazama mlangoni. Udongo ulikuwa umekauka, umepasuka, umemwagika sakafuni.

"Viko," alisema. "Sijaviosha."